Daktari Aambiwe: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya za Afrika Mashariki Nchini Qatar

Waheshimiwa viongozi,

Barua hii ni kwenu mnaoongoza jumuiya za Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo nchini Qatar. Imeandikwa kwa Kiswahili, lugha ya magrupu yenu ya simu, ya vikao vya msiba na ya mabasi ya kampuni, kwa sababu inahusu maumivu, na mtu huumwa kwa lugha yake.

Jambo lenyewe ni hili. Wapo miongoni mwa watu wenu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na baadhi yao watapata mawe kwenye figo. Hawamwambii mtu kwamba walipasuliwa. Hata daktari hawamwambii.

Siri hiyo inaeleweka. Mtu hurudi kutoka likizo amepungua kilo thelathini, na majibu huwa tayari mdomoni: ameacha ugali, anatembea kila jioni, anakunywa maji ya ndimu kabla ya kifungua kinywa. Makovu ya upasuaji wa matundu ni madogo, yanafichika chini ya shati. Akisema kweli ataambiwa ni mvivu aliyenunua wembamba, au ataulizwa pesa alizitoa wapi wakati ada za watoto hazijalipwa nyumbani, au jina lake litazungushwa kwenye grupu kabla hajamaliza chai. Basi ananyamaza. Mbele ya jirani na mbele ya mwenzake wa chumbani, kunyamaza huko ni haki yake, na mtu asimlazimishe kusema. Mbele ya daktari wa dharura, kunyamaza kunaweza kumletea madhara makubwa kuliko aibu yoyote.

Umm Salal ni mahali pazuri pa kulielezea jambo hili. Iko kaskazini ya Doha, kando ya barabara ya Al Shamal: Umm Salal Mohammed, Umm Salal Ali, Al Kharaitiyat, nyumba kubwa nyuma ya kuta ndefu, na soko kuu ambako samaki na mboga huuzwa kwa jumla na kwa rejareja. Watu wa Afrika Mashariki wapo huko kwenye vibanda vya ulinzi, kwenye usukani wa magari ya familia, jikoni, na kwenye vyumba vya watoto. Wapo pia makarani, wauguzi na walimu waliokaa Qatar miaka mingi, wenye mshahara unaotosha kwenda kupasuliwa India, Misri, Uturuki au Nairobi na kurudi kazini baada ya wiki chache.

Chukulia dada mmoja wa aina hiyo, miaka miwili baada ya upasuaji. Saa nane za usiku maumivu yanamshika ubavuni. Yanashuka hadi kinenani, yanapoa kidogo, yanarudi kwa nguvu. Halali chali, halali kifudifudi. Anazunguka chumbani akishika ukuta. Anatapika. Mwenzake anamwitia gari. Hospitalini anaulizwa kama ana kisukari, kama ana presha, kama ana mimba, kama ana mzio wa dawa. Anaulizwa pia kama amewahi kupasuliwa. Mwenzake amesimama pale pale kando ya kitanda. Dada anasema hapana.

Kuanzia hapo kila kitu kinaweza kwenda mrama huku kila mtu akifanya kazi yake vizuri. Kwa maumivu ya mawe ya figo, dawa inayotangulia kutolewa sehemu nyingi duniani ni ya jamii ya diclofenac na ibuprofen, na inafanya kazi kweli kweli. Lakini aliyefanyiwa baipasi, yaani aliyetengenezewa kifuko kidogo cha tumbo na kuunganishwa utumbo upya, hatakiwi kuzimeza dawa hizo. Pale kwenye maungio ya kifuko na utumbo zinaweza kuchimba kidonda, na kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Hatari kubwa zaidi ni ile bahasha ya vidonge anayokwenda nayo nyumbani, anayomeza siku kumi, kisha anaongeza mwenyewe kutoka duka la dawa kwa sababu vilimsaidia. Daktari akijua, ana dawa nyingine za kumpa. Asipojua, hana sababu ya kuzitafuta.

Kuna la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Baada ya baipasi, nafasi hubaki ndani ya tumbo ambamo kipande cha utumbo kinaweza kuchomoza na kujinyonga, hata miaka kadhaa baadaye, mwili ukishapungua mafuta. Maumivu yake huja ghafla, huambatana na kutapika, na yanaweza kufananishwa na mawe ya figo au ya nyongo. Utumbo ulionyongwa husubiri saa chache tu kabla ya kuoza. Daktari anayejua kwamba aliye mbele yake alifanyiwa baipasi atalifikiria hilo na kumwita mpasuaji. Daktari aliyeambiwa kwamba tumbo hili halijaguswa atatafuta jiwe, na pengine atalipata jiwe dogo lisilo na hatia, aridhike.

Kwa nini mawe yenyewe yaje? Hapa inafaa kwenda taratibu, kwa sababu anayeelewa sababu hukumbuka masharti.

Chakula cha kawaida kina oksaleti, hasa kwenye mboga za majani kama mchicha na spinachi, kwenye korosho, karanga na lozi, kwenye viazi vitamu, chokoleti na chai kavu. Kwa mtu ambaye hajapasuliwa, kalsiamu iliyomo kwenye chakula hukutana na oksaleti tumboni, vikashikana na kutoka pamoja chooni. Baada ya baipasi, mafuta mengi hupita bila kusagwa. Mafuta hayo huikamata kalsiamu kabla ya oksaleti kuifikia. Oksaleti inabaki huru, inapenya kwenye utumbo mpana, inaingia kwenye damu na kusukumwa kwenye figo. Huko inakutana na kalsiamu nyingine, sasa ndani ya mkojo. Mkojo ukiwa mchache na mzito, vitu hivyo viwili huganda na kuwa fuwele, na fuwele huwa jiwe. Wengine huharisha mara kwa mara baada ya upasuaji, wakapoteza maji na sitreti, kitu ambacho kwa kawaida huzuia fuwele zisishikane. Mkojo ukizidi kuwa na asidi, hata mawe ya asidi ya yuriki yanaweza kutokea.

Madaktari wameujua uhusiano huu kwa muda mrefu. Mwaka 1954, Kremen na Linner wa Minnesota, Marekani, walieleza upasuaji wa kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Watu walipungua sana, na kwa miaka kadhaa upasuaji wa aina hiyo ulisambaa. Kisha yakaja mawe ya figo, figo zilizojaa oksaleti, na maini yaliyoshindwa kazi, hadi njia hiyo ikaachwa. Baipasi ya tumbo, iliyoanzishwa na Edward Mason huko Iowa katika miaka ya 1960, ni salama zaidi kwa mbali, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa tatizo la mawe limekwisha. Mwaka 2005 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 23 waliopata oksaleti nyingi kwenye mkojo baada ya baipasi. 21 walikuwa na mawe, na wawili figo zao ziliharibiwa na oksaleti yenyewe. Mwaka 2015 watu wa hospitali hiyo hiyo walitoa hesabu pana. Waliwafuatilia wagonjwa 762 waliopasuliwa, wakawalinganisha na watu wanene wa aina yao ambao hawakupasuliwa. Baada ya takriban miaka 6, asilimia 11.1 ya waliopasuliwa walikuwa wamepata mawe mapya, dhidi ya asilimia 4.3 ya wenzao.

Hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa utulivu. Karibu watu tisa kati ya kumi hawakupata jiwe lolote. Upasuaji huu huwaondolea wengi kisukari, presha na maumivu ya magoti, na barua hii haimwambii mtu asipasuliwe. Tena hatari hailingani kwa kila aina. Katika utafiti huo huo, waliofanyiwa upasuaji mkali wa kuruka utumbo mrefu walikuwa na hatari ya karibu mara nne, wa baipasi ya kawaida zaidi kidogo ya mara mbili, na wale waliopunguzwa ukubwa wa tumbo tu, bila utumbo kuguswa, hatari yao haikuonekana kupanda. Katika kundi hili la mwisho ndimo ilimo slivu, ambayo hukata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo na kuacha mrija mwembamba. Hata hivyo aliyefanyiwa slivu naye hunywa kidogo, na kwa Qatar kunywa kidogo kunatosha kuleta jiwe.

Shida ni kwamba wengi hawajui walifanyiwa upi. Ukiuliza, jibu ni "nilikatwa tumbo". Karatasi ya upasuaji ilibaki kwa wakala aliyepanga safari, au iko kwenye simu iliyoibwa. Kila aliyepasuliwa anatakiwa kuwa na nakala ya ripoti yake, jina la upasuaji likiwa limeandikwa wazi, na kama hana aiombe hospitali iliyompasua. Barua pepe moja inatosha.

Sasa yaje maji.

Doha imewahi kufikia nyuzi joto 50.4, Julai 2010. Qatar inayo sheria ya joto: Uamuzi wa Waziri Namba 17 wa mwaka 2021 unakataza kazi za nje juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na unamtaka mwajiri atoe maji baridi ya kunywa. Ni sheria nzuri, na viongozi wa jumuiya wanapaswa kuijua kwa kichwa. Lakini haimfikii kila mtu mwenye figo. Karani wa Umm Salal hushinda kwenye kiyoyozi kinachomkausha ngozi na midomo bila yeye kuona jasho. Hasikii kiu. Mlinzi wa getini anasikia kiu vizuri kabisa, ila hawezi kuacha lindo hadi mwenzake aje kumshika, na choo kiko upande wa pili wa jengo. Basi anajifunza kutokunywa. Dereva anayesubiri familia nje ya duka kubwa anafanya vivyo hivyo; yaya aliyefungiwa na ratiba ya watoto watatu anafanya vivyo hivyo. Hawa hupata mawe hata bila kupasuliwa. Aliyepasuliwa akiwa na kazi ya namna hii amebeba mizigo miwili.

Utafiti wa maji ulikwishafanywa. Nchini Italia, Loris Borghi na wenzake waliwachukua watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza, wakawafuatilia miaka mitano. Nusu waliambiwa wanywe maji hadi mkojo wa siku ufikie lita mbili au zaidi. Nusu hawakupewa sharti lolote. Waliokunywa, 12 kati ya 99 walipata jiwe tena. Wasiokunywa, 27 kati ya 100. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1996, na dawa yake inatoka bombani. Siku hizi wataalamu wa mkojo wa Marekani wanashauri mkojo usipungue lita mbili na nusu kwa siku.

Kwa mtu mwenye tumbo zima, lita tatu za kunywa ni suala la nia. Kwa mtu wa baipasi ni suala la ufundi. Kifuko chake, mwanzoni, kinabeba takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Ameambiwa asinywe pamoja na chakula, asubiri nusu saa. Akigugumia chupa nzima kwa mara moja atatapika. Kilichobaki ni kunywa kidogo kidogo siku nzima, na hapo finjani ya kahawa ya Kiarabu inafaa kuliko kikombe chochote cha vipimo. Finjani hubeba kama mililita 50. Finjani moja kila robo saa, kwa saa kumi na tano za kuwa macho, ni lita tatu kamili. Akiruka kwa sababu ya chakula, aongeze kidogo baadaye. Mkojo ukiwa na rangi ya njano iliyofifia, anafanya vizuri. Ukiwa na rangi ya chai, bado.

Umm Salal Mohammed ina minara ya Barzan, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Walinzi walipanda juu kutazama bahari na wapiga mbizi wa lulu, kuangalia mwezi mwandamo, na kulilinda bonde ambalo maji ya mvua hukusanyika. Watu wa hapo walikuwa na sababu ya kuweka walinzi juu ya maji, na aliyepasuliwa naye anayo sababu ya kuyalinda maji yake.

Kisha kuna uzushi mmoja ambao unastahili kukanushwa kwenye kila kikao: kwamba jiwe ni kalsiamu, hivyo mgonjwa aache maziwa na vidonge vya kalsiamu. Ni kinyume. Borghi huyo huyo, mwaka 2002, aliwagawa wanaume 120 wenye mawe yanayojirudia. Kundi moja walipunguziwa kalsiamu kama ilivyozoeleka. Jingine walikula kalsiamu ya kawaida, wakapunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka mitano, 23 kati ya 60 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata mawe tena, na 12 tu kati ya 60 wa kundi la pili. Kwa aliyefanyiwa baipasi kalsiamu ina kazi zaidi ya mifupa: ikiliwa pamoja na chakula, inaikamata oksaleti tumboni. Kwa hiyo kidonge kimezwe wakati wa mlo. Akikimeza usiku wa manane, chakula kikiwa kimeshapita, oksaleti imeshapita nacho. Aina ya sitreti ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu haihitaji asidi nyingi ya tumbo ili ifyonzwe, na ile sitreti yenyewe ni msaada kwa mkojo. Kidonge cha madini ya chuma kikae mbali nacho, angalau saa mbili, maana vinazuiana.

Mezani kuna habari njema kwa watu wa Pwani. Chai ya maziwa ni afadhali kuliko chai kavu, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa inaikamata oksaleti ya majani ya chai ndani ya kikombe. Karaki ya Doha ina maziwa tayari, tatizo lake ni sukari. Mchicha hauna haja ya kupigwa marufuku milele, lakini uchemshwe na maji yake yamwagwe, uliwe kidogo, na uliwe na mtindi au laban. Mchicha wa karanga kila siku, kwa mtu wa baipasi, ni kosa. Kabichi, matango na boga zinapatikana sokoni Umm Salal na hazina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Chumvi ipungue, na hapa vinaingia vibonge vya mchuzi, tambi za pakiti na achari. Vidonge vikubwa vya vitamini C, vile vya gramu moja, viachwe, kwa sababu mwili hubadilisha sehemu yake kuwa oksaleti. Maji ya ndimu au limau yasiyo na sukari yanafaa, yakiwa mepesi.

Hapa wapo watu ambao barua hii inawaheshimu sana, na ambao vikao havijawahi kuwahesabu kama wahudumu wa afya. Ni wapishi na wafanyakazi wa ndani. Uchunguzi wa afya uliofanywa Qatar mwaka 2012 kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ulikuta kwamba watu wazima wapatao wanne kati ya kumi wa taifa hilo wana unene uliopitiliza, na upasuaji wa kupunguza uzito umekuwa jambo la kawaida kwenye familia za Ghuba. Chakula cha aliyepasuliwa mara nyingi hupikwa na mwanamke kutoka Kenya, Uganda, Ufilipino au Sri Lanka. Yeye ndiye anayejua supu ilitiwa chumvi kiasi gani, mama mwenye nyumba alirudisha glasi ya maji ikiwa nusu, na bakuli la lozi likaisha jioni. Elimu hii ikimfikia Mkenya mmoja wa jikoni, imefika kwa watu wake na kwa nyumba nzima anayoihudumia.

Jambo moja dogo linahitaji kuelezwa kwa karibu, kwa sababu linawashinda wengi kwa aibu tu. Daktari wa mawe akitaka kujua hatari ya mtu, humwomba akusanye mkojo wa saa 24. Anapewa dumu la plastiki. Asubuhi anapoamka, mkojo wa kwanza anaumwaga chooni na kuandika saa. Kuanzia hapo, kila tone la mchana na la usiku linaingia dumuni, pamoja na mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata, saa ile ile. Dumu likae mahali pa baridi kama ilivyoelekezwa na maabara. Sasa mtu anayelala chumba cha watu sita, wenye jokofu moja, atafanyaje? Wengi hukusanya nusu, wakajaza kwa kubahatisha, au hawarudi tena kliniki. Kipimo cha nusu siku humdanganya daktari. Njia ipo: achague siku ya mapumziko, dumu litiwe kwenye mfuko mweusi, na liwekwe ndani ya ndoo yenye barafu chini ya kitanda. Hayo ni mambo ambayo muuguzi wa Kitanzania au wa Kiganda aliyekaa Qatar miaka kumi anaweza kumweleza mtu kwa dakika tano. Jiwe likitoka lenyewe, nalo lisimwagwe: mkojo uchujwe kwa kitambaa au kichujio, kijiwe kipelekwe maabara, maana aina ya jiwe ndiyo inayoamua dawa. Mengi yenye upana chini ya milimita tano hutoka yenyewe. Makubwa huvunjwa kwa mawimbi, au hufuatwa kwa kamera nyembamba na kuvunjwa kwa leza.

Ramadhani ina swali lake. Aliyefanyiwa baipasi na aliyewahi kupata jiwe amwone daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na masheikh wa jumuiya wamkumbushe ruhusa ambayo dini imempa mgonjwa. Akiruhusiwa kufunga, usiku wake uwe wa finjani kuanzia magharibi hadi daku. Chupa mbili za kugugumia dakika kumi kabla ya alfajiri hazitamsaidia, atazitapika.

Nyumbani nako milango imeanza kufunguka. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni la kupunguza uzito, huduma ambayo zamani Watanzania waliifuata ng'ambo. Puto haliruki utumbo, hivyo halileti ile oksaleti ya baipasi, lakini kutapika kwa siku za mwanzo humkausha mtu. Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, amewazoesha Watanzania kusikia habari za kiuno na uzito hadharani bila kuona haya. Jumuiya za Qatar zinaweza kufuata mfano huo.

Kinachoombwa kwenu, waheshimiwa, hakihitaji bajeti kubwa. Kila jumuiya itafute muuguzi mmoja wa kike na mmoja wa kiume, watu wanaojulikana kwa kutunza siri, na namba zao ziwekwe kwenye magrupu kwa maneno mepesi: mwenye swali lolote la upasuaji au la figo apige, jina halitatajwa. Kabla ya tarehe 1 Juni ya kila mwaka, joto halijakaza, kikao kimoja kizungumzie maji, choo na haki ya mlinzi kupokewa lindo kwa dakika tano. Hilo la choo mlifikishe kwa kampuni kama jumuiya, kwa sauti moja. Mtu mmoja mmoja akilisema anaonekana msumbufu.

Pamoja na hayo, ichapwe kadi ndogo ya kukaa nyuma ya kitambulisho cha ukaaji, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza na Kiarabu. Iandikwe aina ya upasuaji, mwaka na hospitali, na sentensi moja inayomwomba daktari asimpe mwenye kadi vidonge vya jamii ya diclofenac na ibuprofen kabla ya kuangalia aina ya upasuaji. Asiyetaka kusema kwa mdomo mbele ya mwenzake ataitoa kadi, naye daktari ataisoma bila mtu mwingine kusikia.

Na wale wauguzi wenu wafundishwe maswali ya kumuuliza anayepiga simu akiwa na maumivu: ulifanyiwa upasuaji gani, umemeza dawa gani, mkojo unatoka, una homa au unatetemeka? Homa ikiungana na maumivu ya ubavu, huenda jiwe limeziba njia na mkojo ulio nyuma yake umeingia wadudu. Mtu huyo hasubiri asubuhi wala hasubiri gari la kampuni. Aitiwe gari la wagonjwa kwa namba 999, na kadi yake iwe mkononi.